Bahasha Aliyoibeba Aminieli

Baba yangu hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja, ukiondoa kile cha nyimbo za kanisani, na hicho nacho nina hakika anaimba kwa kukariri. Anaitwa Gerson, ingawa mama humwita Baba Ephraimu, kwa jina la kaka yangu. Ni fundi seremala wa Maji ya Chai, ana miaka sitini na minane, na kama ulisoma shule ya msingi upande wetu huu wa Mlima Meru miaka ya themanini, bila shaka ulikalia dawati lake, na pengine ulilichora kwa wembe pia. Naanza na hilo la vitabu kwa makusudi. Nataka ujue mapema kwamba mtu ambaye riwaya moja ilimvuruga karibu maisha yake yote ni huyuhuyu ambaye hajaisoma.

Riwaya hiyo aliileta mama. Mama ni Theresia, mzaliwa wa Tabora, Mkatoliki ambaye hadi leo hupiga ishara ya msalaba katikati ya ibada ya Kilutheri na kuwashtua wazee wa kanisa. Alipangiwa kufundisha kwetu mwaka sabini na saba, akiwa binti mbichi, akashuka barabarani na sanduku la bati, chandarua, na kitabu kimoja kilichofungwa kwenye khanga. Watu wote humwita Mwalimu. Hata baba humwita Mwalimu, na akisema hivyo unaweza kudhani anajiandaa kujibu swali.

Kitabu chenyewe ni cha vita. Kijana wa pwani anachukuliwa kwenda kupigana Burma enzi za Mwingereza, na mchumba wake hana ruhusa ya kutoka nje kumuaga. Basi yule binti anakata jani la mkadi uani kwao, anaiparua miiba ya pembeni kwa kisu mpaka jani linakuwa laini, analifunga fundo moja katikati, kisha analituma bila barua. Kijana analibeba kifuani muda wote wa vita. Anarudi amepoteza vidole viwili na hataki maneno na mtu, lakini jani analo. Kurasa zaidi ya mia mbili, na hakuna hata mmoja wao anayesema "nakupenda". Mama akifika hapo sauti humtetemeka, na sisi watoto tulijifunza kuangalia pembeni ili tusicheke.

"Miiba ni nini?" angeuliza, mwiko wa ugali ukiwa mkononi.

"Vita," tungejibu.

"Fundo?"

"Ahadi."

"Na ukijani wa jani?"

"Tumaini, mama, ugali unaungua."

Hivyo ndivyo nilivyojua uchambuzi wa fasihi kabla sijajua tebo ya sita. Leo mimi mwenyewe nafundisha Kiswahili sekondari mjini, naishi Njiro, na wanafunzi wangu wamemeza jani lile kama nilivyolimeza mimi. Baba hakuwahi kukaa hata mara moja kusikiliza. Mama akianza tu habari za Burma, yeye huchukua randa yake na kutoka kwenda bandani.

Usimwone mtu mkavu. Nilipohamia Njiro nilinunua kitanda cha dukani, kizuri, cha kung'aa. Baba akaja kunitembelea, akakikalia, akainuka, akakikalia tena. "Anna," akasema, "kitanda hiki kinaongea." Hakusema kingine. Baada ya wiki mbili pikapu ikasimama getini ikiwa na kitanda cha mgrevilea ambacho ukikirukia hakitoi hata mlio. Ndivyo anavyopenda watu. Hatakuambia kitu, atakutengenezea mahali pa kulala.

Kitu kingine anachokipenda ni uzio wake wa masale. Kwa asiyefahamu, isale ni mmea wenye majani marefu membamba, ya kijani kibichi, tunaoupanda mipakani na makaburini. Wachaga wanao, na sisi Wameru tunao. Nilipokuwa mdogo nilichuma jani moja nikalifunga fundo, nikamvisha mwanasesere wangu kama mkanda. Baba alinijia mbio, na baba si mtu wa mbio. Akanieleza siku hiyo, taratibu, kama anavyopima ubao. Isale lililofungwa fundo halichezewi. Mtu aliyekukosea akilituma kwako, huwa anakuomba msamaha. Unalipokea. Ukishalipokea umesamehe, na kwa jinsi baba yake alivyomfundisha, huulizi tena jambo lile, hata kama hukuwa unajua kwamba umekosewa.

"Hata kama sijui kosa?" nikauliza.

"Hata kama hujui. Ukianza kuuliza, hujapokea."

Alinifungulia lile fundo mwenyewe, akalirudisha jani chini ya uzio.

Sasa mtu huyu wa kusamehe hivyo alikuwa na jambo moja lililonikera tangu utotoni. Hakukanyaga Kikatiti. Kikatiti iko hapo mbele tu, njia ya Moshi, na kuna mashine ya kusaga ya mzee mmoja anaitwa Aminieli, inayosifiwa na kila mwanamke wa upande wetu kwa unga laini. Sisi tulikuwa tunatumwa na ndoo zetu za mahindi upande wa pili kabisa, hadi Usa River, mvua ije jua liwake. Tukipita Kikatiti kwa basi, baba hugeuza uso upande wa mlima, hata siku ambayo mlima wenyewe umefunikwa na ukungu na hakuna cha kutazama.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeniambia kwamba Aminieli na baba walikuwa rika moja na walikuwa ulimi na mate. Aminieli alikuwa na mguu mmoja uliolemaa tangu utotoni, na baba alimbeba mgongoni kwenda shule kila mto ulipojaa. "Wakagombania nini?" nikamuuliza bibi. Bibi akasema hawakugombana. Gerson alikwenda vitani, Gerson akarudi, basi. Sisi watoto tukaamua wenyewe kwamba lazima ni shamba. Kwetu jambo lisilo na sababu huwa ni shamba.

Sasa twende kwenye ile Jumapili. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kwetu ya kuvalia makoti ndani ya nyumba. Sekondari moja ya jirani ilikuwa imemwomba mama aende kuzungumza na kidato cha nne kuhusu riwaya yake, mapenzi na ishara ndani yake, na mama mstaafu alipata homa ya furaha. Nilikuja kutoka Njiro na gari langu bovu ili anifanyie majaribio ya hotuba yake. Tukakaa kula loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa ya mgando. Kwa bahati baba alikuwa amefungwa bandeji kidoleni, nyundo ilimkosea adabu siku ya Ijumaa, kwa hiyo hakuwa na kisingizio cha kwenda bandani. Akabaki mezani na kikombe chake cha chai, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yote.

Mama akasimama, akavaa miwani. Burma ikaja, mkadi ukaja, miiba ikaondolewa. Kisha akafunua ukurasa ambao sikuwahi kuusikia.

"Na wanangu wapendwa," akasoma, "msidhani ishara hukaa vitabuni tu. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma jani." Akamtupia baba jicho, akatabasamu kama binti. "Mwezi wa kumi na moja, mwaka sabini na nane, vita vya Kagera vilipoanza, mchumba wangu alikuwa mgambo. Wakawachukua siku moja tu baada ya kuitwa, wakawakusanya mjini, mimi nikiwa darasani. Nilikuwa napanga chumba kwa Mama Nathanaeli hapo juu ya barabara. Mkadi ningeutoa wapi? Nikaona kwenye uzio wake majani marefu membamba, mazuri kabisa, nikakata moja, nikalifunga fundo katikati, nikalitia kwenye bahasha bila barua. Kama kitabuni. Nikampa rafiki wa mchumba wangu, aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa na alikuwa anakwenda mjini na lori, akampelekee."

Mimi nilikuwa nimeshaacha kutafuna. Nilimtazama baba. Alikuwa ameweka kikombe chini na alikuwa anakishika kwa mikono miwili, kile kidole chenye bandeji kikiwa kimesimama peke yake.

"Lilikuwa la nini?" akauliza.

"Nini?"

"Lile jani, Mwalimu. Lilikuwa la nini?"

Mama akacheka. "La mapenzi, Baba Ephraimu! Lingekuwa la nini? Nilikuwa nimekusimulia kitabu kizima, wiki nzima, unatengeneza yale madawati ya darasa la nne."

"Nilikuwa napiga randa," baba akasema.

Kicheko cha mama kilikatika taratibu. Si kwamba hakujua maana ya isale. Mtu hakai Umeruni zaidi ya miaka arobaini asijue. Alisema baadaye kwamba alikuja kuijua mwaka themanini na kitu, kwenye upatanisho wa majirani, akachekea moyoni akasema, kumbe nilituma msamaha, lakini Gerson wangu alijua maana yangu, nilimsimulia. Na kwa nini hakumuuliza? Kwa sababu kijana wa kitabuni naye hakuwahi kulitaja lile jani, na mama aliona kulitaja ni kuliharibu. Hapo ndipo ungewachukua wote wawili ukawagonganisha vichwa. Mmoja hakuuliza kwa kuwa mila ilimkataza. Mwingine hakusema kwa kuwa riwaya ilimkataza.

"Ulidhani nimekufanyia nini?" mama akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Sikuuliza."

"Sijasema uliuliza. Nasema ulidhani nini."

Baba akageuza kikombe. "Aliyelileta alikuwa ameinamisha uso. Hakuniangalia machoni. Akanipa, akaondoka upesi."

Nikaelewa Kikatiti. Nikaelewa ndoo za mahindi hadi Usa River, na ule mlima unaotazamwa kwenye ukungu.

"Mimi na Aminieli," mama akasema polepole. "Ulidhani mimi na Aminieli."

Baba hakujibu, na kwa kuwa hakujibu, mama akajibiwa. Akavua miwani. Akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, akazibeba zote kwenda jikoni, nasi tukasikia zinavyowekwa. Nami, kwa kuwa nina hasira za karibu, sikumwonea huruma mzee wa watu. Nilimwambia baba, kwa heshima zote nilizoweza kuzikusanya ambazo hazikuwa nyingi, kwamba amemtukana mama miaka arobaini na sita, na kwamba amemtukana rafiki yake pia, tena bila kufungua mdomo. Baba akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akaenda bandani na kidole chake kibovu, tukaanza kusikia randa.

Aliparua ubao ule usio na kazi yoyote karibu saa nzima. Nilikuwa nasafisha meza kwa mara ya tatu mama aliponipita mlangoni na aproni yake. Nikamfuata, sikatai, nikasimama nyuma ya mlango wa banda kama mbea. Maranda yalikuwa yamemfika baba magotini.

"Baba Ephraimu," mama akasema. "Ulirudi vitani mwezi wa sita. Mwezi wa tisa ukaja kunichumbia rasmi kwa wazee. Ulikuwa unaamini nimelala na rafiki yako."

Randa ikasimama.

"Ukanioa."

"Ndiyo."

"Ukanioa hivyohivyo. Kwa nini?"

Baba alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mlango una bawaba. "Jani lilikuwa limeshafika," akasema.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia baba yangu siku ile, na yote yaliniishia pale nyuma ya mlango. Sikuwa nimewahi kufikiria. Kijana wa miaka ishirini na moja, kesho anapelekwa mpakani, anafungua bahasha na kupata habari kwamba aliyempenda amemkosea. Na anasamehe palepale, kwenye foleni ya kupewa viatu. Halafu anaishi na msamaha ule miaka yote, anamjengea yule mwanamke nyumba, anamchongea kabati la vitabu, anazaa naye watoto watatu, na hata siku moja, hata katika ugomvi mkubwa wa chumvi au wa karo au wa mkwe, halitoi lile neno.

"Na jani lenyewe?" mama akauliza. "Niliosha begi lako uliporudi. Sikuliona."

"Nililitupa mtoni. Siku tunavuka Kagera. Nikasema likishasamehewa lisirudi nyumbani."

Mama akakaa kwenye kigogo. "Mimi nilijua umelipoteza," akasema. "Nililia siku mbili. Kisha nikakusamehe."

Wakatazamana, wazee wale, kila mmoja ameshika msamaha wa kosa lisilokuwepo, na sijui ni nani aliyeanza kucheka. Mama alicheka huku machozi yanatiririka, na baba alicheka ule mcheko wake usio na sauti wa mabega tu. Nikadhani yameisha. Nikarudi ndani kujitengenezea chai.

Hayakuisha. Jumatano mama akanipigia simu kwamba baba hali. Ugali anaukata, anauzungusha kwenye mchuzi, anaurudisha. Usiku anakohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Nikamwambia mama ampeleke hospitali. "Hospitali ya nini," mama akasema, "wakati ugonjwa wake uko Kikatiti?"

Kwa sababu ukitoa kosa la mama, linabaki moja, na hilo lilikuwa la baba. Mama aliomba msamaha ambao hakudaiwa, akapewa. Aminieli hakutuma jani lolote, kwa hiyo baba hakumsamehe. Alikaa akimngojea. Mwaka baada ya mwaka alingojea rafiki yake amtumie isale, na mwaka baada ya mwaka alizidi kumwona mtu mgumu, asiye na haya. Na Aminieli wa watu alikuwa hajui hata anangojewa. Hakualikwa harusini. Hakuambiwa bibi alipokufa, akaja msibani kwa kusikia tu, akasimama kule nyuma barabarani na mguu wake, akaondoka. Nilimwona mimi mwenyewe siku hiyo. Baba alimwona pia.

Sasa ilibidi baba afanye kitu ambacho hajawahi kukifanya kwa mtu yeyote. Hata kwa kaka yake mkubwa, walipokosana kuhusu mpaka na baba ndiye aliyekuwa na makosa, hakutuma isale, alimtengenezea meza. Niliogopa atamtengenezea Aminieli meza. Nilimwambia mama hivyo kwenye simu, naye hakucheka.

Alhamisi jioni mama akapiga tena. "Njoo Jumamosi na gari," akasema, "na usilete maneno yako."

Nilipofika nilimkuta baba ameshavaa koti lake la kanisani, yuko uzioni. Alipita jani hadi jani kama anayechagua ubao usio na ufa. Akakata moja, akalifunga fundo, vidole vyake vizito vikapata shida kidogo kwa sababu ya bandeji. Kisha akamletea mama kwa mikono miwili.

"Jani halipelekwi na mwenye kosa," akaniambia, kama nimeuliza. "Linapelekwa na mtu mwingine."

"Na kwa nini mama?"

"Yeye anajua njia," akasema, nikaona mama anajitahidi kuzuia tabasamu.

Baba alikaa kiti cha nyuma. Tulipofika Kikatiti akatazama mlima kwa mazoea, kisha nikamwona kwenye kioo anajilazimisha kugeuza shingo upande wa pili. Nikaegesha mbele ya mashine. Hakushuka. Nikashuka na mama.

Aminieli alikuwa amekaa kwenye benchi ndani, amejaa unga hadi kwenye nyusi, mguu wake umenyooshwa juu ya debe. Ni mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunijua. Alipomwona mama akataka kusimama, mama akamzuia, na bila salamu ya pili akamkabidhi lile jani.

Hakulipokea. Alilitazama likiwa kwenye mikono ya mama kwa muda ambao mashine ilisaga debe zima. Nilijua, na mama alijua, kwamba anayeletewa hapaswi kukataa, lakini kupaswa ni kitu kimoja na miaka arobaini na sita ni kitu kingine. Mama akashindwa kujizuia, ndivyo alivyo, hawezi kuacha kitu bila kukifafanua.

"Mzee Aminieli, ilikuwa hivi. Mwaka ule wa vita mimi nilikuwa na kitabu..."

Aminieli akainua kiganja. "Mwalimu," akasema, "hilo halielezwi." Akalichukua jani. Akalishika kifuani pake, kwenye shati lenye unga, akaniuliza mimi: "Yeye yuko wapi?"

Nikamwonyesha gari.

Akaomba fimbo yake, akatoka. Alichukua muda kufika, na baba ndani ya gari alikuwa anamwona hatua kwa hatua, hakuna mlima wa kutazama. Aminieli akainama dirishani.

"Gerson," akasema. "Umehangaika bure. Mimi nilijua ni huu mguu."

Baba akashusha kioo. "Mguu gani?"

"Huu. Ninyi mlikwenda kufa, mimi nikabaki na mizani ya kahawa. Siku ile nakuletea bahasha pale mjini mmejipanga na sare zenu, nilishindwa hata kukutazama. Niliona haya. Uliporudi hukunisalimia, nikajiambia, ana haki. Hamwezi kumsalimia mtu aliyebaki."

Nataka kusema hapa jinsi nilivyojisikia, na sitazunguka. Nilitaka kulia kwa sauti. Rafiki mmoja alikaa Kikatiti akijiona mwoga kwa sababu ya mguu ambao hakuuchagua, na rafiki wa pili alikaa Maji ya Chai akimwona mwizi kwa sababu ya uso ulioinama, na kati yao kuna safari ya dakika chache kwa basi.

Baba alifungua mlango. Aliposhuka nilisahau kwamba ni mzee, alikuwa kama mtu anayevuka maji. Akamshika Aminieli mabega yote mawili.

"Si mguu," akasema. "Haijawahi kuwa mguu. Nilikubeba na mguu huohuo, nitaudharau leo?"

"Basi ni nini?"

Kwa mila ya baba, jani limepokelewa, hapana kuuliza na hapana kueleza. Nilimwona anavyopambana nayo. Angeweza kunyamaza pale, na ingekuwa sawa kwa mujibu wa baba yake na baba wa baba yake, na Aminieli angelala usiku ule akidhani bado ni mguu.

"Ni ile bahasha," baba akasema.

Aminieli akakunja uso wenye unga. "Ya Mwalimu? Mimi sikuifungua, Gerson. Naapa. Niliitia ndani ya soksi ili isilowe, sikuifungua."

"Najua."

"Kulikuwa na nini?"

Baba akageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa mashine, ameshika ncha ya kitenge chake. Ni mke wake wa miaka arobaini na tano, na sijawahi, narudia, sijawahi kumsikia akimwambia neno la mapenzi mbele ya watu, wala nyuma ya watu, na kuta zetu ni za mbao.

"Kulikuwa na mapenzi," akasema. "Nikayasoma vibaya. Nikakuhesabia wewe kosa."

Alimweleza yote, pale barabarani, mabasi ya Moshi yakipita. Aminieli alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Mwisho aliinua fimbo, nikadhani anampiga nayo, na pengine alistahili. Akamgonga nayo begani kidogo, kama mtu anayebisha hodi. "Mjinga wewe," akasema. "Ingia ndani unywe chai." Akaingia mbele, na baba akamfuata akiwa amemshika kiwiko ili asijikwae kizingitini.

Tulirudi na ndoo mbili za unga wa Kikatiti. Mama akausonga ugali kabla ya jua kuzama, na baba akala, akaongeza, akasema umesagwa vizuri, utadhani ni habari mpya wilaya nzima. Kisha akasogeza sahani.

"Mwalimu," akasema, "hebu nisimulie kile kitabu."

Mama akamtazama kuona kama ni mzaha. Randa ilikuwa imetundikwa ukutani. Basi akasimulia, mwanzo hadi mwisho, Burma yote, na safari hii sauti ilipomtetemeka sikuangalia pembeni. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri, mikono magotini.

"Huyo kijana," akauliza mwishoni, "alirudi na jani lake?"

"Alirudi nalo. Hapo ndipo kilele cha mapenzi yake."

Baba akafikiri.

"Yeye lake halikuwa na kosa ndani," akasema. "Ni jepesi kubeba."

Mama akavuta ile hotuba yake kwa ajili ya kidato cha nne, akaifungua ukurasa wa kwanza, akaniomba kalamu.